Jina la mwenye shule

Mtu yeyote aliyewahi kumuuguza ndugu yake katika jiji la Dar es Salaam analijua jina la Sewahaji. Utaambiwa pale Muhimbili kwamba mgonjwa wako amelazwa Sewahaji, nawe utashika kapu lako la chakula, utauliza njia, utapanda ngazi. Hatujiulizi Sewahaji alikuwa nani, kama vile tusivyojiuliza juu ya Kibasila wala Mwaisela. Ni majina ya wodi, basi. Hata mimi niliyekula chumvi kiasi hiki nilikwenda pale mara nyingi kabla sijajua kwamba Sewa Haji alikuwa mtu, tena mtu wa Bagamoyo, na kwamba zaidi ya hospitali alitoa shule.

Leo nataka tuizungumze ile shule. Lakini kwanza sina budi kukueleza kilichonikumbusha.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumapili, niliitwa katika mkutano wa wazazi kwenye kijiji kimoja kando ya barabara ya Bagamoyo, ukishapita Mapinga. Kijiji chenyewe sikitaji, kwa sababu mambo yao bado ni mabichi na si vema kuyaanika. Zamani pale palikuwa minazi, mikorosho na nyumba chache za makuti. Siku hizi jiji limewafikia. Wenyeji, ambao ni wavuvi na wakulima, wamechanganyika na watumishi waliostaafu, mafundi, akina mama wenye maduka, na vijana waliokimbia kodi za nyumba za mjini. Shule ya serikali ipo na ada haitozwi, lakini watoto wa darasa la kwanza wanabanana hata wengine wanakaa sakafuni. Shule za binafsi nazo zipo, zenye mabasi ya rangi ya njano, lakini ada ya mwaka mmoja ni bei ya mtumbwi na nyavu zake. Ndipo wazazi wakasema: basi na tujenge yetu.

Nilikuta wamefika mbali. Mzee mmoja, mwenyeji wa pale tangu babu yake, ametoa sehemu ya shamba lake la minazi. Akina mama wa kikoba wameahidi fedha kila mwezi. Fundi mmoja atafyatua tofali bila malipo, mradi aletewe saruji. Mwalimu mstaafu ameshaandika majina ya watoto. Palikuwa na furaha kubwa, na mimi, kama kawaida ya watu wa redio, nilipewa kiti cha mbele na soda.

Akasimama kijana mmoja mwanasheria, naye ni mzazi, akaanza kuwasomea yale yanayotakiwa na serikali kabla shule haijasajiliwa: kiwanja na hati yake, ramani za majengo, vyoo, walimu wenye sifa. Watu walikuwa wakiitikia vizuri. Kisha akafika mahali panapotaka jina la mwenye shule. Akainua macho akauliza, "Niandike nani?"

Ndugu msikilizaji, kimya kilichoingia pale chini ya mwembe ungeweza kusikia embe bichi likianguka. Mmoja akasema aandikwe mwenyekiti wa kamati. Mwingine akasema la, aandikwe Mzee, kwani shamba ni lake. Mama mmoja wa kikoba akauliza kwa sauti ya chini kama fedha zao zingeandikwa wapi. Kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Andika wananchi!" Watu wakapiga makofi. Yule kijana akatikisa kichwa. Wananchi si jina la mtu, wala si jina la chombo kilichosajiliwa. Mkutano ukaahirishwa mpaka Jumapili ya pili.

Njiani kurudi, nikiwa nimebanwa katika daladala, nilikuwa nikitazama vibao vya shule vilivyopangana barabarani na kufikiri kwamba swali la yule kijana ni la zamani sana katika pwani hii. Bagamoyo limeulizwa na kujibiwa kwa namna mbalimbali kwa zaidi ya miaka 150.

Kabla ya shule yoyote ya kizungu palikuwa na chuo. Nasema chuo kwa maana ya watu wa Pwani, yaani mahali mtoto anapofundishwa Kurani, kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na adabu. Chuo hakikuwa na mwenyewe kwa maana ya hati. Kilikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu. Wazazi walikiendesha kwa kuni, maji, nazi, samaki, na zawadi mtoto anapohitimu. Mwalimu akifa, na kama hakuacha mwanafunzi wa kuishika kazi, chuo kilikufa naye. Baraza ilibaki kuwa baraza.

Mwaka 1868 wakaja Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Horner, wakitokea Unguja. Walijenga kaskazini ya mji, wakaweka kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani, na shule ya watoto hao. Watoto walifundishwa kusoma, dini, useremala, uhunzi na kilimo. Shule ile ilikuwa na mwenyewe asiyetiliwa shaka, na mchango wake ulitoka mbali, kwa Wakristo wa Ulaya ambao hawakuiona Bagamoyo hata siku moja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliwaharibia majengo yao, wakajenga tena, kwa kuwa nyuma yao kulikuwa na shirika lisilokufa mtu akifa. Hilo ni jambo la kulitia akilini. Padri mmoja akizikwa anakuja mwingine, na hati inabaki katika sanduku lile lile.

Hata hivyo wenyeji wa mji, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, hawakukimbilia kuwapeleka watoto wao pale. Waliogopa watarudi nyumbani na dini nyingine, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga, kwani mapadri wenyewe hawakuficha shabaha yao.

Hapo ndipo anapoingia Sewa Haji.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia uliotoka Kutch ukaweka biashara Unguja na Bagamoyo. Bagamoyo ya siku zile ilikuwa mlango wa bara. Misafara ilitoka pale kwenda Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ilirudi na pembe za ndovu na, kwa aibu yetu sote, na watu waliofungwa minyororo. Msafiri alihitaji nguo, shanga, nyaya za shaba, na juu ya yote alihitaji wapagazi. Vyote hivyo Sewa Haji alivipata na kuviuza. Stanley alikuwa mteja wake, wamisionari walikuwa wateja wake, na Wajerumani pia. Hata Allidina Visram, ambaye baadaye maduka yake yalienea mpaka Uganda na ambaye sekondari moja kubwa ya Mombasa ina jina lake, alifika Bagamoyo akiwa mtoto na kuanza kazi kwa Sewa Haji.

Simtaji kama malaika. Alitajirika katika biashara ya misafara, na ile ilikuwa biashara ngumu iliyokula mabega ya Wanyamwezi wengi. Lakini mtu huyu, ambaye hakuwahi kushika cheo cha serikali, alipochungulia mbele aliona jambo ambalo watawala wa nchi walichukua miaka sabini kuliona.

Katika muongo wa 1890, Wajerumani wakiwa wameshaitwaa nchi baada ya kuwapiga akina Bushiri, Sewa Haji alitoa jengo la ghorofa Bagamoyo akaikabidhi serikali liwe shule. Angeweza kuishia hapo akapigiwa saluti. Aliweka sharti. Shule ile iwe ya watoto wa rangi zote: Waafrika, Wahindi na Waarabu wasome pamoja. Fikiria, ndugu msikilizaji, wakati ule. Mkoloni ana bunduki, wewe ni mfanyabiashara raia wa mahali pengine, unamkabidhi zawadi, na unamwambia sharti zawadi hii itumikeje. Alifanya vivyo hivyo kwa hospitali, Bagamoyo na Dar es Salaam, akitaka wagonjwa wapokelewe bila kujali rangi. Alifariki Februari 1897 akiwa na miaka 46 hivi, na katika mali aliyoiacha alitaka mapato yake yawasaidie wagonjwa maskini na wenye ukoma. Hospitali ya Dar es Salaam iliendelea kuitwa kwa jina lake mpaka ilipojengwa hospitali mpya ya Princess Margaret katika miaka ya 1950, ambayo ndiyo Muhimbili yetu. Jina likahamia kwenye wodi.

Na sharti la shule? Shule za serikali za Wajerumani, ile ya Tanga ikiwa ya kwanza, zilifundisha kwa Kiswahili na hazikuwa za kanisa, na kwa hiyo watoto wa Kiislamu wa Pwani waliingia bila hofu. Ndiko walikotoka makarani na maakida wengi. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, shule zikafungwa, walimu wakaingizwa jeshini. Waingereza walipoishika nchi wakaigawa elimu mafungu matatu kama mtu anavyogawa nyama: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na fedha kwa kila mtoto zikitofautiana mno. Katika mpango wa namna hiyo, neno la Sewa Haji halikuwa na pa kukaa. Alikuwa amekwisha kufa, serikali aliyokubaliana nayo ilikuwa imefukuzwa, na hakuwa ameacha chombo chochote Bagamoyo chenye haki ya kusimama na kusema, "Hili si jengo lenu kulifanya mtakavyo, lina sharti." Ilikuwa mpaka Januari 1962, chini ya serikali ya uhuru, ndipo shule za rangi zilipofutwa kisheria nchini Tanganyika. Jengo lenyewe lipo. Ni Shule ya Msingi Mwambao, na mtoto wa rangi yoyote anaingia.

Sasa nikupeleke mtaa mwingine wa mji ule ule, kwa mtu aliyeanza bila ghorofa wala sarafu.

Yahya bin Abdallah aliletwa Bagamoyo mtoto mdogo, akiwa mtumwa, kutoka Manyema, nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Alinunuliwa na Amir bin Sulaiman al-Lamki, mkubwa wa mji. Mtoto alikuwa na akili, akapata nafasi ya kusoma. Akafanya biashara ndogondogo, akanunua mashamba ya minazi, akaendelea kusoma kwa masheikh mpaka akawa yeye mwenyewe sheikh, na khalifa mkubwa wa tarika ya Kadiria. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Waingereza walipoingia walimfanya liwali. Mtumwa wa jana akakaa kiti cha bwana wake.

Chuo chake kilivuta wanafunzi kutoka Bagamoyo na mbali zaidi, wengi wao watoto wa watu kama yeye, ambao waungwana wa Pwani waliwaita washenzi. Na kiliendeshwa na nini? Na minazi yake, na muridi wake. Watu walikuja kwa maulidi kutoka bara na kutoka visiwani, kila mmoja na alichonacho, mwenye mbuzi, mwenye mchele, mwenye nguvu za mikono tu. Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931, na kazi ikashikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, mpaka alipofariki naye mwaka 1985. Hapa jibu la swali letu ni ukoo na tarika. Mwenye shule ni baraka, kama wangesema wenyewe, na baraka inarithiwa. Jibu hilo lina nguvu zake, maana lilidumu kuliko mengi ya serikali. Lakini haliwezi kuandikwa kwenye fomu ya yule kijana mwanasheria, na linategemea sana mtoto afanane na baba.

Nayataja haya kwa kirefu kwa sababu nina ugomvi na msemo mmoja unaozagaa hata katika ofisi za wasomi, kwamba ati watu wa Pwani hawapendi shule. Mji mmoja mdogo, kabla ya mwaka 1900, ulikuwa na vyuo vya Kurani, shule ya misheni, na shule ya mfanyabiashara aliyetaka rangi zote zikae dawati moja. Wasiopenda shule wangezipatia wapi zote hizo?

Tofauti iliyokuja baadaye ilikuwa ya fedha, wala si ya moyo. Nikuchekeshe kidogo. Mapadri wa Bagamoyo walipanda mibuni katika shamba lao la misheni, na shirika lao hilo hilo ndilo lililoipeleka mibuni Kilema, Kilimanjaro. Pwani kahawa haikushika. Kule mlimani ilishika kama moto. Wachaga wakaunda ushirika, KNCU ikaandikishwa mwaka 1933, na kahawa ikawa na daftari, ghala, mizani na benki. Mzazi wa Kilimanjaro alipotaka kuchangia shule alikuwa na fedha mkononi msimu ukifika, na alikuwa na chama kinachojua kushika hesabu za watu maelfu. Nazi haikupata chama cha nguvu kama kile. Mvuvi hana msimu wa malipo. Ana siku ya kupata na siku ya kukosa. Kwa hiyo mbegu ilipita kwetu ikaenda kusomesha watoto wa wenzetu, na sisi tukaambiwa hatupendi shule!

Wazazi wa Tanganyika kwa jumla hawakukaa wakingoja. Mwaka 1955, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu ili ashike kazi ya TANU, palizaliwa TAPA, jumuiya ya wazazi. Katika siku zile mtoto mwingi wa Kiafrika aliyebahatika kuanza alikomea darasa la nne. TAPA ikafungua shule za udongo na makuti, walimu wakilipwa kidogo au wasilipwe, na mkoloni akizitazama kwa jicho la pembeni kwa kuwa hazikusajiliwa na kwa kuwa alinusa ndani yake harufu ya siasa. Kwa jirani zetu wa Kenya alinusa harufu hiyo hiyo akaenda mbali zaidi. Chuo cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939 kwa michango ya Wakikuyu, ambapo marika yalishindana kutoa na Jomo Kenyatta akawa mkuu wake mwaka 1947, kilifungwa mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa. Mahali pale pa kufundishia walimu pakageuzwa mahali pa kunyongea watu. Wachangiaji hawakuwa na mahakama ya kuwasikiliza.

Kwetu, baada ya uhuru, mambo yalikwenda kwa sheria na kwa nia nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa serikali uwezo wa kuzitwaa shule zilizokuwa za mashirika. Mimi ni miongoni mwa wanaosema ilikuwa haki. Mtoto wa mvuvi wa Kiislamu alipata nafasi katika sekondari ambazo zamani angezipita kwa mbali. Lakini lilikuwepo na lingine, ambalo tulilinong'ona tu: waliobeba mawe ya shule hizo hawakuulizwa kitu. Iwe shirika, iwe kijiji, mchango ukawa wa taifa, na kwa taifa hakuna risiti.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 na Elimu kwa Wote ya mwaka 1977 zikajaza shule za msingi, lakini mlango wa sekondari ukabaki tundu la sindano. Ndipo wazazi walipojenga wenyewe tena. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari za wazazi, za makanisa na za watu binafsi zilikuwa nyingi kuliko za serikali, Kilimanjaro ikiongoza, na kule Njombe na Mufindi wananchi wakiunda mifuko ya wilaya yenye wadhamini na vitabu vya hesabu.

Hapa inanibidi niseme habari ya nyumbani kwetu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa wazazi waliojenga sekondari ya namna hiyo katika miaka ile, katika wilaya moja ya Pwani. Alitoa bati kumi, wakati bati lilikuwa haliuzwi dukani bila kibali. Mama alisomba mchanga kichwani. Kamati ilikuwa na mwenyekiti mzuri, mchapakazi, na fomu ilipokuja watu walisema kwa kauli moja: andika jina la mwenyekiti, huyu ni wetu. Na kweli alikuwa wetu, mpaka alipofariki. Baada ya arobaini wanawe wakaja na karatasi. Karatasi ilisema mwenye shule ni baba yao, kwa hiyo shule ni mirathi. Hawakuwa wezi, ndugu msikilizaji; walisoma kilichoandikwa. Wakaikodisha kwa mfanyabiashara, ada ikapanda mara tatu, wanafunzi wakapungua, na nilipopita pale mara ya mwisho madarasa yalikuwa ghala la saruji. Baba alikuwa hai bado. Nilimwuliza kama anasikitika. Aliniambia kinachomwuma si bati, ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono kuunga hoja ya kuandika lile jina.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baba alikuwa na daftari, nami ninalo hadi leo, kila bati limeandikwa humo. Lililokosekana ni jina sahihi katika karatasi moja tu.

Jumapili iliyopita nilirudi kule kijijini. Safari hii niliomba kusema mapema, kabla ya soda, nikawasimulia habari ya Sewa Haji na ile ya bati kumi. Yule Mzee wa shamba alisikiliza akiwa ameegemea mkongojo. Nilipomaliza akauliza, "Mwanangu, na lile sharti la Mhindi, lilifuatwa?" Nikamjibu kwamba lilifuatwa, lakini lilichelewa miaka mingi, kwa kuwa alimwachia mkoloni alilinde, na mkoloni akaja mwingine asiyelijua.

Yule kijana mwanasheria akaeleza njia iliyopo. Wazazi waunde bodi ya wadhamini, isajiliwe RITA, na bodi hiyo ndiyo iandikwe kuwa mwenye shule. Mdhamini akifa au akihama, bodi inabaki na nafasi yake inajazwa. Shamba litolewe kwa bodi kwa maandishi, na uamuzi upelekwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka ardhi ya kijiji inapogawiwa. Kuna gharama, na kuna safari za kwenda na kurudi mjini. Watu waliguna. Fundi wa tofali akasema kwa mwendo huo mvua zitanyesha kabla ya msingi kuchimbwa. Mwenyekiti wa kamati, nikimtazama, hakufurahi sana. Yeye ndiye aliyehangaika tangu mwanzo, na nadhani jina lake lilikuwa limeshamkaa kooni. Hilo nalo ni la kibinadamu, na aliposimama mwishowe kuunga mkono bodi, mimi nilimheshimu zaidi kuliko siku ya kwanza.

Kisha Mzee akasema na yeye ana masharti, yaandikwe. Mwalimu mstaafu akafungua daftari. La kwanza, shule ikifa, shamba lirudi kijijini lisiuzwe, na wala wanawe yeye wasilidai. Wanawe wawili walikuwepo. Mmoja akatazama chini. La pili, masomo yaishe mapema jioni ili mtoto wa kwenda chuoni aende chuoni, na wa kwenda mafundisho kanisani aende, na asiulizwe na mtu. La tatu, msimu wa kusi, bahari inapochafuka na mitumbwi ikalala mchangani, mtoto wa mvuvi asifukuzwe kwa ajili ya ada. Baba yake atalipa upepo ukigeuka. Hapo mama mmoja wa kikoba akasimama akasema na wao wana sharti: katika wadhamini saba, watatu wawe wanawake, na kitabu cha benki kisishikwe na mtu mmoja. Likaandikwa la nne.

Ilipofika kutia sahihi Mzee akasema hajui kuandika, ataweka dole. Kidau cha wino hakikuwepo. Mwalimu akavunja kalamu ya bluu, akampaka Mzee wino kwenye gumba, naye akalikandamiza kwenye daftari kwa nguvu kama mtu anayesukuma mlango. Tukasubiri likauke kabla ya kufunga ukurasa.